Mwangwi uliorudi mwanzoni mwa wimbo

Nilimrekodi shangazi yangu akiimba chumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, katikati ya magodoro na mapazia, na sauti ikatoka kavu, ilhali yeye alitaka isikike kama anapoimba ukumbini. Nikaenda ukumbini pasipo watu, nikapasua puto, nikarekodi mlio wake ulivyofifia kwa sekunde 2. Mlio huo hubeba tabia ya ukumbi mzima: kila sampuli ya wimbo, yaani kipimo kimoja cha sauti katika nukta moja ya wakati, huzaa mwangwi wa umbo lile lile, mkubwa au mdogo kwa kadiri ya sampuli yenyewe, na miangwi yote ikijumlishwa, kila mmoja kwa wakati wake, hupatikana konvolusheni.

Kuikokotoa moja kwa moja katika muda kulinishinda. Sekunde 10 za wimbo, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, zilidai kuzidisha karibu mara bilioni 39, na umeme ulikatika kompyuta ikiwa bado inahesabu.

Katika masafa, yaani sauti ikielezwa kwa kasi za mitetemo iliyomo badala ya kufuatwa katika muda, kazi hiyo hugeuka kuwa kuzidisha kwa kawaida. Nilipeleka wimbo na mlio wa puto kwenye masafa kwa njia ya haraka ya Fourier, ile ambayo Cooley na Tukey waliichapisha mwaka 1965, nikazidisha, nikarudisha matokeo kwenye muda, na yote yakaisha kufumba na kufumbua. Lakini kabla shangazi hajatamka neno la kwanza, nilisikia mwangwi wa neno lake la mwisho.

Nilichukua karatasi. Wimbo uwe 1, 2, 3 na mwangwi uwe 1, 1: jibu sahihi ni 1, 3, 5, 3, yaani namba nne. Njia ya masafa, ikipewa nafasi tatu tu, huichukulia sauti kama duara, hivyo ile 3 ya mwisho huangukia mwanzoni na kutoa 4, 3, 5. Dawa yake ni kuongeza sufuri mwishoni mwa sauti zote mbili kabla ya kuzibadili. Mimi nilihitaji nafasi zisizopungua 529,199, nikachukua 1,048,576, kipeo cha mbili kinachofuata.

Shangazi alisikiliza, akasema, “Mwanangu, huo ni ukumbi mtupu.” Ni kweli, kwa kuwa miili na nguo za watu hufyonza sauti. Nikaufifisha mkia wa mlio wa puto kwa kasi zaidi, nikarudia hesabu, naye akaipokea.