Slipa klachi ya Ninja yangu: nilipeleka garage kitu kizima

Niseme mapema mimi si fundi, ni mtu wa Mbale, Uganda, tu napenda piki, na Kiswahili changu ni cha kambini maana baba alikuwa jeshi, kwa hiyo watu wa Mombasa na Zanzibar mnivumilie.

Mwaka jana nilinunua Kawasaki Ninja 300 used, ya 2013. Kabla ya hapo nilikuwa na Boxer miaka sita, piki isiyo na maneno mengi, unaweka mafuta unaenda. Ninja ni kitu kingine kabisa, silinda mbili, 296cc, injini inazunguka mpaka karibu 13,000 kwa dakika, na leva ya klachi laini mpaka nikashangaa, kidole kimoja kinatosha. Nilidhani kebo imelegea. Kumbe ule ulaini nao ulikuwa na sababu yake, nitafika huko.

Safari ya kwanza ya maana nikaipandisha Kapchorwa. Kupanda hakuna shida, raha tupu. Kurudi sasa, nashuka kutoka Sipi, kona mbele, nikaangusha gia mbili kwa mpigo na kuachia klachi vile nilivyozoea kwenye Boxer, nikasikia leva inanigonga vidole, tik tik tik tik, kama kuna kitu kinaruka huko ndani, afu ikatulia. Piki yenyewe haikufanya lolote, imepunguza mwendo vizuri imeingia kona. Lakini zile tik tik zilininyima usingizi. Mtu aliyetoka kwenye Boxer akisikia hivyo atawaza nini? Klachi imekwisha, na ndo kwanza nimemaliza hela.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Nikamweleza, akaijaribu, akarudi: "Boss, klachi inaslip." Na shida yote ilianzia kwenye hilo neno. Garage zetu kuslip ni ugonjwa, pleti zimeisha, injini inalia na piki haiendi. Nikamwambia lakini muuzaji alisema hii ina slipa klachi (slipper clutch, aina ya klachi ambayo wakati huo sikuijua), akacheka, akauliza slipa za kuogea ama za kwendea msikitini. Na mimi nikacheka, ujinga wangu huo. Akafungua, akaweka washa moja chini ya kila spring ya klachi ili zikaze zaidi, akafunga. Elfu themanini, nikalipa na asante juu.

Tik tik zikaisha. Leva ikawa ngumu kama ya trekta lakini nikajiambia ndo uzima huo.

Wiki kama tatu baadaye nashuka tena barabara ile ile. Lori la matoke linapanda polepole, nyuma yake pickup inataka kulipita, na mimi nashuka nikiwa kama 70 gia ya nne. Nikashika breki ya mbele, nikapiga chini mbili mpaka gia ya pili, nikaachia klachi. Tairi la nyuma likaanza kuruka ruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, dududududu, mkia ukaenda kushoto ukarudi kulia, na mimi nimekaa juu yake kama mzigo tu, sina la kufanya. Nilisimama kwenye changarawe pembeni. Watoto waliokuwa wanauza ndizi wakapiga makofi, sijui walidhani ni mchezo.

Usiku nikaanza kusoma kitabu cha hiyo piki kwa simu. Hesabu yake ni hivi. Ukiwa 70 gia ya nne, injini inazunguka karibu 6,500 kwa dakika. Gia ya pili kwa mwendo ule ule inataka karibu 10,000. Hiyo tofauti lazima itoke mahali, usipopiga resi wewe mwenyewe kabla ya kuachia klachi basi tairi la nyuma ndo linalazimishwa kuisukuma injini ipande. Na wakati huo umeshika breki ya mbele, uzito wote umeenda mbele, nyuma kuwepesi, tairi halina nguvu ya kushika lami, linakwama, linaachia, linakwama, linaachia. Ndo ule mruko. Injini za 2-stroke, zile za kuchanganya oili na petroli, hazina hii shida sana kwa sababu hazizuii tairi hivyo ukiachia resi, ndo maana MotoGP, mashindano ya dunia ya pikipiki, walipohamia 4-stroke za 990cc mwaka 2002 slipa klachi, ile inayoachia kidogo tairi likiisukuma injini, ikawa kitu cha kuumiza vichwa, baadaye ikashuka mpaka kwenye piki za watu kama mimi.

Sasa mbona mara ya kwanza haikuruka na mara ya pili imeruka? Hapo ndo nikaanza kumshuku fundi, na kujishuku mwenyewe.

Nikampelekea mzee mmoja Malaba anayetengeneza klachi za malori. Piki kama hii hajawahi kuifungua lakini ni mtu wa kutazama kwanza kabla ya kushika spana, na zamani alikuwa boda wa baiskeli pale mpakani. Nikamwambia mzee, nahisi hii klachi ina kitu ndani. Tukaimwaga oili, tukatoa kifuniko, tukatoa presha pleti, ile sahani inayobana pleti za klachi, tukaiweka juu ya gunia. Mzee akaigeuza geuza mkononi kimya muda mrefu. Presha pleti ina meno yamekatwa kwa mshazari, na habu ya katikati ina ya kwake, yanalaliana. Akazungusha upande mmoja, vikavutana vikabana. Akazungusha upande wa pili, pleti ikajiinua ikaachia.

Akasema, "Kijana, hii ni friwili."

Nikamwambia si kabisa mzee. Akasema ngoja. Baiskeli isiyo na friwili ukishuka mlima pedali zinakupeleka wewe, miguu inazungushwa kwa nguvu mpaka ukatishe mguu ama uanguke. Ukiweka friwili, gurudumu linaenda zake na miguu imetulia. Hapa miguu ni injini. Tofauti, nikamwambia, hii haiachii yote, inaachia ile nguvu iliyozidi tu, injini bado inakusaidia kusimama. Akakubali, akasema basi ni friwili yenye akili. Mpaka leo sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Na ule upande wa kubana ndo siri ya leva laini. Ukivuta resi, meno yanaivuta presha pleti ndani yenyewe, kama kifuniko cha chupa unavyokikaza, kwa hiyo Kawasaki hawakuhitaji spring ngumu, ziko tatu tu na nyepesi. Ukishuka na tairi likaanza kuisukuma injini, meno yanapanda upande wa pili, yanazishinda zile spring nyepesi, pleti inaachia kidogo, inashika, inaachia. Ule mpigo unafika mpaka kwenye leva. Zile tik tik zilikuwa ni klachi inafanya kazi yake!

Halafu mtu anazikaza hizo spring kwa washa. Meno yanasukuma, spring zimekuwa ngumu, pleti haiinuki, mzigo wote unarudi kwenye tairi. Simlaumu sana fundi, kwenye Boxer hiyo dawa inasaidia siku mbili tatu. Lakini mimi niliyekuwa na kitabu kwenye simu muda wote na sikukifungua, mimi nalaumika.

Tukatoa washa tatu. Mzee akapima pleti, bado nene, zikarudi. Boliti za spring tukazikaza kidogo kidogo kwa zamu, si moja mpaka mwisho halafu nyingine. Oili 10W-40 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA2, msije mkaweka ile ya gari ya kuokoa mafuta, ina dawa za kulainisha zinazoteleza pleti na hapo ndo utaslip kweli. Leva tukaiachia mchezo wa milimita 2 hadi 3.

Kesho yake alfajiri nikatafuta lami iliyonyooka, hakuna mtu. Gia ya nne, breki sijagusa, piga chini mbili, achia. Tik tik tik. Nikacheka peke yangu ndani ya helmeti. Nikarudia na breki, mkia umetulia. Siku hizi napiga resi kidogo kila nikishusha gia hata kama klachi inanisamehe, maana kwenye changarawe na lami yenye maji ya mvua msamaha wake ni mdogo.

Mzee hakutaka hela zaidi ya elfu thelathini, ila aliuliza hiyo friwili ya Boxer inauzwa wapi, nikamwambia Boxer haina, akasikitika. Gasketi ya kifuniko aliikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu, inavuja tone moja kila usiku, nasubiri gasketi halisi ya piki ije na basi kutoka Nairobi.