Siku moja na gari lenye L kichwani

Saa 10 na nusu alfajiri niko macho. Mi ni mwalimu wa udereva huku Tabata, Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa, gari ninalofundishia ni Corolla ya zamani ya klachi, namba bado A, zile za zamani, upande wangu wa kushoto kuna breki na klachi za ziada na juu ya paa kuna kile kibao cha L nyekundu. Nikishakipachika tu heshima yangu barabarani inaisha. Sitanii. Gari ni lilelile, mtu ni yuleyule, ila nikiwa na L hata bajaji inanipigia honi.

Saa 12 kamili mwanafunzi wa kwanza kafika. Ni mama wa miaka 61, nesi mstaafu, watoto wamemnunulia Passo ya otomatiki lakini kakataa kujifunzia otomatiki, anasema akijifunza kitu anataka akijue chote. Mi namuita mama, yeye ananiita mwalimu, ingawa umri wangu ni wa mtoto wake wa mwisho. Leo siku yake ya nane na ndo mara ya kwanza tunatoka uwanjani na vichochoroni kuingia barabara ya Segerea kuelekea Bima, foleni haijakaza bado.

Tunatembea 30. Maeneo ya makazi sheria inaruhusu mpaka 50 kwahiyo hatujamkosea mtu, ila Noah moja nyuma yetu ilianza honi toka kituoni, ikatupita kwa hasira, na dereva akashusha kioo kabisa asubuhi yote hiyo ili tu aseme "Bibi rudi nyumbani ukapike!" Mama hakumjibu, akaniuliza mimi, "Mwalimu, huyu anawahi wapi?" Mita mia mbele tukaikuta ile Noah imesimama kwenye tuta nyuma ya lori la mchanga. Mama akacheka kimyakimya, mabega yanatikisika, klachi ikamponyoka, gari likazima. Honi tena.

Sasa kuna lugha haimo kwenye kile kitabu cha alama za barabarani, hiyo naifundishaga njiani. Uko safari, anayekuja mbele akikupiga full, yaani taa kali, mara mbili anakwambia trafiki yuko mbele na tochi ya kupima spidi. Lori unalotaka kulipita likiwasha indiketa ya kulia tulia, kuna gari linakuja, likiwasha ya kushoto pita. Usiku anayekuja akiwasha ya kulia anakuonyesha ubavu wake unaishia wapi msije mkagusana. Ukipishwa unawasha hazadi kidogo au unapiga kahoni kamoja, pi, au unanyoosha mkono, hiyo ni asante. Shida ni full za mjini, yaani full ya mjini ina maana mbili na zinagombana, kuna "pita we" na kuna "thubutu uone, napita mi". Hapo unaangalia gari lenyewe limepunguza au limeongeza, taa peke yake usiiamini.

Hilo mama alikuwa keshalielewa. Kilichotukuta ni kingine.

Saa 12 na dakika 40 tumefika kona ya kuingia kulia, mtaa mmoja kabla ya Bima. Indiketa inawaka, kasimama vizuri karibu na mstari wa kati, anasubiri. Kosta ya abiria inakuja mbele, ikapunguza, ikasimama kabisa, full moja, dereva katoa mkono dirishani anaupunga, pita mama pita. Daladala imempisha mwenye L! Mi mwenyewe nilishangaa maana toka siku ya kwanza nimemwambia mama akiona Kosta ajue mle hakuna huruma. Basi akaachia klachi taratibu kama nilivyomfundisha, gari likaanza kukata kona, pua yetu ilipotokeza tu upande wa pili wa Kosta nikaona kitu chekundu nikakanyaga breki yangu mpaka mwisho. Bodaboda, na abiria nyuma, kapita kati ya Kosta na mtaro, ile stepu ya abiria ikakwangua kibao chetu cha namba kwaaa! Hakuanguka. Akasimama mbele, akageuka, "Mama umejifunzia wapi udereva?" Swali la ajabu kumuuliza mtu mwenye L juu ya paa.

Na kijiweni hapo kando, wale wa kwenye benchi, "Wanawake hao!" "Sasa umri ule anatafuta nini kwenye usukani?" Hakuna aliyemuuliza boda kwanini kapita kushoto kwenye gari lililosimama, na hakuna aliyenitazama mimi mwanaume niliyekaa na breki ya pili na ndo mwalimu.

Ila kosa lilikuwa langu. Nimemfundisha kupisha na kupishwa, sikumwambia aliyekupisha kakupa leni yake tu hajakupa barabara nzima. Yule wa Kosta roho yake nzuri kabisa lakini gari lake lilikuwa ukuta, mama haoni kilicho nyuma yake na aliye nyuma hamuoni mama. Ukipishwa na gari kubwa unatoa pua kidogo, unasimama, unachungulia, hapo ndo unamalizia. Tukaingia mtaani tukapaki chini ya mwembe, mikono inamtetemeka kaibana mapajani, kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Mwalimu, siku nane hizi umenifundisha nani nimuogope. Kosta, boda, IST, malori. Hujanifundisha pa kutazama."

Nilikosa la kusema, nikashuka kuangalia bampa.

Saa 3 chai na chapati kijiweni, pale tunakaa walimu, madereva teksi na mafundi, na kazi kubwa ya pale ni kusoma namba za magari yanayopita kama mtu anasoma viganja. Namba A, mkweche huo, kaa mbali. Namba E, gari la mkopo, ana kiburi. IST, huyo teksi wa mtandaoni anaangalia simu. STL, wa serikali, hajui kupanga foleni. Kirikuu, kabeba nyanya hana breki. Kosa hapo likifanywa na mwanaume ni kosa la gari lake, likifanywa na mwanamke ni la wanawake wote. Siku zote mi ndo nachangiaga kuliko wote hapo kijiweni, leo nilikula tu chapati yangu, wakaniuliza naumwa?

Saa 5 niko barabara ya Mandela na kijana wa benki, anaogopa malori ya makontena yanayotoka bandarini, na kusema kweli kuyaogopa sio ujinga. Lakini alikuwa anafanya kile wanachofanya wengi, akiona semi imeacha nafasi mbele yake anachomekea, anadhani kapishwa au dereva kalala. Nikamwambia ile nafasi sio yako na wala sio usingizi, ndo breki zake zile, tani zote zile hazisimami kama Corolla, ukiingia pale umemnyang'anya breki na itabidi atengeneze nyingine, na akimaliza kuitengeneza anakuja mwenye Vitz anaingia tena. Akarudi nyuma ya semi mwenyewe, tukatembea hivyo mpaka Buguruni.

Saa 8 darasani, alama za barabarani, joto, wawili wamesinzia.

Saa 11 jioni zamu ya dogo mmoja wa bodaboda, anatafuta leseni ya gari apate kazi ya kuendesha. Huyu nakiri nilimpokea vibaya wiki iliyopita, kichwani nilishampa sifuri kabla hajakaa. Sasa kati ya wanafunzi wangu wote ndo pekee anayegeuza shingo kabla ya kuhama leni, wengine natoa macho "saidi mira! saidi mira!" yeye anageuka mwenyewe, maana pikipiki yake vioo vilishavunjika siku nyingi. Nikamhadithia ya asubuhi nikamuuliza kwanini mnapita kushoto. Akasema kulia gari zinatubana mwalimu, inayokuja haihesabu pikipiki kama chombo, inajua tu utakimbilia pembeni. Akanyamaza kidogo, kisha, "Ila yule kakosea, gari ikisimama ghafla mbele yako ujue kuna kitu." Tukapita palepale kwenye kona, nikamfanyisha mara sita, pua, simama, chungulia. Ya tano kazimisha gari na wa nyuma wakatuimbia honi zao.

Saa 2 usiku nimeshusha kibao nimekiweka siti ya nyuma, nikarudi nyumbani kwa 30 ileile, hakuna honi hata moja. Nakula ugali simu ikaita meseji, ni mama. Nikajua anaacha.

"Mwalimu, kesho saa 12 nipo. Hivi yule wa Kosta tulimshukuru?"

Nikamjibu hatukumshukuru.

"Basi tupite tena njia ile ile."