Mama bado anafunika sukari

Jana mama alikuja dukani kwangu hapa Morogoro. Nikamwacha nyuma ya kaunta, nikakimbilia kwa jirani kutafuta chenji. Narudi, nakuta mfuko wa sukari wa kilo 50 umefunikwa khanga, ile aliyokuwa amejitanda. "Wapita njia wanaona," akaniambia.

Sasa wasipoona, mama, watanunua nini?

Sikucheka lakini. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, nilikuwa na miaka saba, tunakaa Tabora. Baba alikuwa reli, na mshahara wake haukufika mwisho wa mwezi. Mama aliweka miche minane ya sabuni uvunguni, akikatia majirani vipande usiku. Habari za msako zilipofika mtaani, aliitumbukiza yote chooni. Mimi nilisimama mlangoni nasubiri povu. Halikutoka.

Neno la siku zile lilikuwa mlanguzi, na lilichoma kuliko tusi. Sisemi lilitungwa bure: baada ya vita vya Kagera bidhaa ziliadimika kweli, na wapo waliojaza maghala wakingoja bei ipande. Ila mama na miche yake minane aliwekwa kapu moja nao.

Mwaka uliofuata tu, 1984, serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa. Akaja Mwinyi, Mzee Ruksa, mitumba ikamwagika. 1991, kule Zanzibar, chama tawala, CCM, kikawaruhusu hata viongozi wake, waliokuwa wamekatazwa, wawe na hisa na nyumba za kupangisha. Hakuna aliyepita Tabora kumwambia mama kwamba sabuni zake sasa ni halali.

Mwisho wa 2018, nikiwa bado machinga wa mezani, nilinunua kile kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, Sh 20,000. Nikampelekea aone. Akakigeuza mbele, nyuma. "Wanakupa ili wakujue?"

Mpaka leo akiulizwa habari zangu husema najishikiza dukani. Anayefanya kazi ni kaka, mhasibu. (Kaka huyo kila tarehe 20 namwandika kwenye daftari la mkopo: unga, mafuta, vocha.)

Jioni aliondoka, khanga akaiacha pale pale. Leo asubuhi mteja wa kwanza alitaka sukari nusu kilo. Nikainua pembe, nikapima, nikaishusha tena.