Stoo ya chini ya ardhi Kisumu: membreni iko ukutani, bado murram

Haya wadau, apdeti. Kwa wale wageni, nyumba iko Kisumu, ule upande wa Milimani unaoteremka kuelekea Dunga, na chini yake nimeweka chumba cha mita 5 kwa 4, nusu stoo nusu karakana yangu ya mbao. Kila mtu akisikia anauliza omera, stoo chini ya ardhi na ziwa liko hapo? Liko hapo ndio, 2020 lilipanda likafukuza watu Dunga na Nyalenda, lakini shida yangu si ziwa kunitembelea, ni kwamba huku ukichimba kidogo tu udongo unatoa maji, na mvua ikinyesha shimo linajaa kutoka chini. Pampu ya matope imekuwa mtu wa familia.

Chini ya slabu kulishaisha kitambo: blaindingi (konkriti nyembamba ya kusawazisha udongo), juu yake membreni ya lami, ile shuka ya kuzuia maji, halafu skridi nyembamba, yaani tabaka la saruji na mchanga, ili chuma zisiitoboe, ndio slabu ikamwagwa. Membreni tuliiacha imezidi slabu pande zote ndio iunganishwe na ya ukuta.

Kuna fundi alipita akasema kelele yote ya nini, maliza ukuta upake wotaprufu kwa ndani. Mimi hapana. Maji ya kwenda chini mita moja yanasukuma kama tani moja kwa kila mita mraba, na yanasukuma kutoka nje, kwa hivyo rangi ya ndani inabanduliwa na maji yaliyo nyuma yake, ya nje inakandamizwa kwa ukuta. Zile dawa za kristali zinazoingia ndani ya konkriti zenyewe, sawa, hizo zinafanya kazi hata kwa ndani, lakini si rangi ya ndoo.

Na konkriti nzuri iliyopigwa poka (ile mashine ya kutikisa itoke hewa) vizuri haivuji kirahisi, inavuja penye jointi. Slabu ilimwagwa pamoja na kijiukuta cha sentimita 15, na katikati yake tukasimamisha wotastopa ya PVC, utepe wa plastiki wa kuziba maji kwenye jointi, nusu imezama humo, nusu ikangoja ukuta. Mambo ya kufunga fomu (mbao za kumwagia konkriti) na waya unaopita ukutani nilikataa kabisa, ju kila waya ni kanjia ka maji.

Wiki hii ilikuwa ya tochi, moto wa gesi wa kuyeyusha lami ya membreni ishike ukuta. Pale ukuta unakutana na slabu tuliweka mota ya mshazari, membreni haipendi kona ya digrii 90, inapasukia hapo. Halafu praima, rangi ya lami ya kwanza, halafu kungoja, na hapa Kisumu ndio inakutesa, mvua inapenda kuja jioni, ukuta unalala umelowa. Tulikuwa tunabandika kipande cha nailoni ukutani na tepu kingo zote, kinalala, asubuhi ukipata jasho chini yake hakuna kuwasha gesi. Membreni ni ya 4mm, mapishano sentimita 10 kwa upande na 15 kwa ncha, na fundi wangu ana macho: lami isipotokeza kidogo ukingoni mwa mapishano anasema "bosi, hapa haijashika," anarudia. Huyo simwachi.

Sasa kile kitu watu wananiuliza, mbona pampu bado inanguruma na ukuta umeshafungwa. Fanyeni hesabu. Chumba ni mita mraba 20, maji yakipanda mita moja na nusu juu ya uvungu wa slabu ni tani 30 zinasukuma juu. Slabu ya sentimita 30 yenyewe ni kama tani 15. Ukiongeza kuta unafika kama 37, yaani umeyashinda maji kwa kidogo sana, na yakipanda zaidi chumba kinataka kuelea kama ngalawa. Kwa hivyo pampu haizimwi hadi slabu ya juu imwagwe na kuta za nyumba zianze kupanda, hata kama stima inakula pesa.

Jumatatu tunaweka bodi za kukinga membreni, ju jiwe moja la kujazia linatosha kuichana, bomba la matundu chini kwenye kokoto lielekee kwa kisima cha pampu, kisha murram kwa tabaka za sentimita 15 hivi, inashindiliwa polepole. Ule udongo mweusi tuliochimba haurudi hapo, unavimba ukilowa na kusukuma ukuta, lori linauchukua. Picha za bomba nitaweka kabla halijafunikwa.