Gigahezi 10 Juu ya Masingini

Wanaoshiriki mashindano ya Marekani ya redio za ridhaa kwa mikrowevu, yaani mawimbi mafupi sana ya redio kama haya ya gigahezi 10, yale ya Agosti na Septemba ambayo kila kilomita ya mawasiliano huleta pointi moja, hukwea milima mirefu. Sisi wa Unguja tunalo tuta la Masingini, lenye takriban mita 120 tu, nami naona latosha. Kwa hesabu ya upeo wa redio, kimo hicho hufikisha mawimbi kiasi cha kilomita 45 hadi usawa wa bahari, lakini mwenzangu akipanda kilele cha karibu na Amani, Usambara Mashariki, penye mita 900 na zaidi, tunaweza kuonana kwa takriban kilomita 130, mradi miti isituzuie, kwani kwa mawimbi ya sentimita 3, ndiyo haya ya gigahezi 10, majani mabichi ni ukuta.

Kazi hasa ni kulenga. Antena ya sahani ya sentimita 60 hutoa mwali wa mawimbi wenye upana usiozidi digrii 4, kwa hiyo naisogeza kidogo kidogo kuelekea kaskazini-magharibi, huku nikiutafuta mlio mwembamba wa mwenzangu ndani ya mvumo wa redio, naye ananiuliza kwa simu, "Vipi sheikh, wanipata?" Dira iliyo karibu na gari siiamini, nalenga kwa ramani. Bahari ikitulia, unyevu uliolala juu ya maji huyapinda mawimbi, na mlio huweza kupanda ghafla.