Kucha nyeusi za wagumu

Msimu wa mlima ukichanganya, kibandani kwangu hapa Mbuyuni, Moshi, naosha miguu ya wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro, kuliko ya maharusi. Anakaa mwanaume mzima, anavua soksi kwa aibu, kidole gumba cheusi tii. Hajarogwa. Kushuka mlima kwa njia ya Mweka na mzigo mgongoni, vidole vinagonga ncha ya kiatu njia nzima mpaka damu inavilia chini ya kucha. Kucha ikiwa ndefu, au kiatu cha mtumba kimepungua namba, ndiyo balaa zaidi.

Nakata kucha kwa kunyoosha, pembe sizifukui, maana ukizifukua kucha inaota ndani ya nyama. Ile ngozi ya kwenye shina siigusi kabisa. Ndiyo kizibo, ikikatwa, vijidudu vinapenya, kidole kinapwita na kutunga usaha.

Sasa, weusi wenyewe. Damu iliyovilia husogea na kucha. Mteja nampiga picha kidole kwa simu yake mwenyewe, akirudi tunalinganisha: kwenye shina inatakiwa ionekane kucha safi inakuja. Haina haraka, kucha ya mguu inaota kama milimita moja na nusu kwa mwezi, na ya kidole gumba kubadilika yote yaweza kuchukua mwaka na nusu.

Mstari mweusi wa kutoka shina hadi ncha ni habari nyingine. Sisi weusi wengi tunayo, kwenye kucha kadhaa, na haina neno. Ninaouogopa ni ule wa kucha moja tu, umekuja ukubwani, unatanuka, au weusi umemwagikia kwenye ngozi. Huyo simpaki rangi, namwambia apande hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha ngozi. Inaweza kuwa saratani. Bob Marley aliyebandikwa kwenye bajaji zetu zote, yake iligundulika 1977 chini ya kucha ya mguu, watu wakidhani ni jeraha la mpira. Akafariki 1981.

Kucha ya njano, nene, inayomung'unyika, mara nyingi ni fangasi. Vidonge vyake kwa kucha za mguu humezwa kama wiki 12, tena kwa kuandikiwa na daktari, maana ini linaangaliwa. Akina dada wanataka niifunike kwa rangi ya jeli. Nakataa. Wengine wananuna, wanahamia kibanda cha pili, na huko wanapakwa.