Raba kavu, raba ya sponji

Wiki hii, kwenye mpira wa meza, nimerudia raketi ya sponji baada ya kuchezea ile ya zamani mfululizo, na mkono bado unanibishia. Sevu ya kwanza niliyopokea ilipaa ikapita meza yote. Ingekuwa raba kavu, ningeisukuma tu ikarudi chini chini, mwenzangu akaanza kuhangaika.

Raba kavu ndivyo tunavyoiita pale tunapochezea, Ngamiani, Tanga. Ni ubao umebandikwa raba yenye vipele, basi, chini yake hakuna sponji. Haiung'ang'anii mpira, kwa hiyo mzunguko anaoutia mwenzako haukusumbui sana, na wewe nawe huna mwingi wa kumrudishia. Sponji ni habari nyingine: mpira unazama kidogo, unashikwa, halafu unafyatuka. Lazima uso wa raketi uulaze mbele, la sivyo mpira unakwenda hewani. Ukiulaza hivyo hivyo kwenye raba kavu, unaishia wavuni. Tofauti yote iko kwenye kifundo cha mkono, nayo ni ndogo mno, ndiyo maana kuhama kunatesa.

Kinachonigusa zaidi ni sauti. Raba kavu inalia: ta, ta, ta. Ukiisikiliza unajua mwenzako kapiga kwa nguvu au kaugusa tu, na mguu unaanza kusogea kabla jicho halijamaliza kazi yake. Sponji inameza mlio wote huo. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia kule Bombay, Hiroji Satoh wa Japani alikuja na raketi ya sponji nene, na mabingwa waliokuwa wamezoea kucheza kwa masikio wakapotea. Alitwaa ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja. Mmoja wa aliowafunga ni Marty Reisman wa Marekani, naye hakuiacha raba yake kavu. Mwaka 1997, akiwa na miaka 67, alishinda ubingwa wa Marekani wa raketi hizo. Namheshimu sana mzee yule. Sheria ya mwaka 1959 iliipiga marufuku sponji tupu isiyo na raba juu yake, kama ile ya Satoh, lakini raba zetu hizi mbili haikuziondoa: raba ya vipele pekee isizidi milimita 2, na ikiwa na sponji isizidi milimita 4. Zote mbili zikabaki halali, na mpaka leo ni halali.

Mjomba hakubaliani nami. "Mpwa wangu, mshika mbili moja humponyoka," ananiambia kila anaponiona nimebeba mkoba wenye raketi mbili. Nami humjibu, "Sawa, Mjomba, lakini tazama miguu yangu." Maana hapo ndipo faida ilipo. Kwenye sponji nilizoea kusimama mahali pamoja na kuuachia mzunguko ufanye kazi. Raba kavu hainipi nafasi hiyo: mpira mmoja unarudi na kurudi, na nisipoufuata kwa miguu sina cha kumshindia mtu. Jana, nikiwa na sponji mkononi, niliufikia mpira wa pembeni kabisa, upande wa dirishani, ambao zamani ningeuangalia tu ukipita.

Masika haya, hewa ya Tanga ikiwa imelowa na raba ya sponji inateleza hata ukiifuta, nitaanza kila zoezi kwa raba kavu mpaka miguu ipate moto, ndipo nibadilishe. Mjomba amekubali kusimama upande wa pili wa meza.